Masikio ya Paka wa Zam

Zam aliingia duka la dawa za mifugo, katikati ya msukumano wa soko la Arua, paka mweupe kwapani na hasira usoni. Paka huyo alilinda magunia yake ya simsim. Sasa anajikuna masikio hadi damu, na panya wanakula wapendavyo.

Muuzaji, Alionzi, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini, akamulika tochi.

"Iko wadudu wadogo ndani. Nitakupa dawa ya matone."

"Mama yangu kule Koboko anasema mafuta ya simsim kwanza, ukoko ulainike."

"Ndani hakuna kidonda. Fanya yote mbili, mrembo."

"Mrembo iko na jina. Zam."

Basi kati yao ikawa simu asubuhi, simu jioni, "umekula, mpenzi?" Hata siku ya posa ikapangwa.

Wiki ya tatu masikio yakapona. Zam akavaa kitenge cha njano, akampeleka paka dukani kwa furaha. Alionzi akapiga makofi nyuma ya paka. Hakugeuka. Akagonga debe. Wapi! Zam siku zote alidhani paka kutoitika ni kiburi tu.

"Kiziwi!" Alionzi akafoka mbele ya wateja. "Mafuta ya mama yako hayo! Mchawi yule!"

Mchawi! Jamani, mdomo huponza kichwa. Rabia, mama yake Zam, mjane wa askari, ametibu mbuzi wa Koboko nzima bila kudai kitu. Zam akambeba paka wake. "Mimi na wewe, basi."

Jua halijachwa, Koboko imeshajua.

"Zam wangu, nisikilize," Alionzi akasihi kwenye simu.

"Usiniite wako! Watu hawaleti tena mbuzi kwa mama. Wanaogopa yeye!" Akakata.

Alionzi akaenda Koboko mwenyewe. Rabia hakumpa kiti. Alimwonyesha paka mweupe wa macho ya bluu, mama wa yule wa Zam, amelala na watoto wawili, mmoja mweupe kama yeye, mmoja wa kijivu.

"Piga sufuria."

Akapiga hadi kuku wakakimbia. Wa kijivu akaruka. Weupe wakaendelea kulala.

"Hawa sijatia hata tone moja. Weupe hawa wanazaliwa viziwi. Wewe ulisomea nini?"

Alionzi akaweka sufuria chini. Darasani alifundishwa hilo, akalisahau siku aliyolihitaji. "Nisamehe, mama."

"Nimesamehe. Lakini jina langu uliliacha Arua. Nenda ulichukue."

Jumatatu, duka limejaa, Alionzi akapanda juu ya kreti. "Nilikosa! Paka alizaliwa kiziwi! Mama Rabia si mchawi. Mafuta yake na dawa yangu pamoja ndiyo yameponya masikio. Mjinga ni mimi!"

Wateja wakacheka. Zam, mlangoni, hakucheka.

"Sauti iko ndogo. Koboko haijasikia."

Akarudia mpaka sauti ikamkauka. "Na posa?" akauliza.

"Kuja Jumamosi," Zam akasema. "Mimi bado nitakuwa na hasira. Lakini kiti utapewa."