Kauboi wa Ruiri Aenda Kuposa

"Toa hiyo miraa kwa meza yangu," alisema Mzee Thuranira. "Sifungui."

Kiogora, aliyekuja kuposa, aliutazama mzigo. Kwa Wameru, baba wa msichana akifungua mzigo wa miraa ya posa, umepewa mke. Asipoufungua, chukua kofia yako uende.

"Mzee, kwani kijana wetu amekosa nini?" aliuliza Kiambi, baba mdogo wa Kiogora.

"Ameua watu. Mtu wa damu nyingi hivyo hawezi kuoa kwangu."

Hapo ndipo sifa zilipomponza Kiogora. Alikuwa polisi wa akiba, mlinzi wa ng'ombe wa Ruiri, na tangu wezi wa mifugo watimuliwe pale bwawani, watu walimwita Kauboi. Watu wa mtaa wa Makutano walisema aliua watatu. Habari zilipofika soko la Gakoromone, wakawa saba. Yeye naye, kwa kupenda makuu, akanunua kofia pana na kunyamaza. Aliyeitangaza hadithi zaidi ni Kiambi, ambaye hakuwahi kujinunulia pombe tena.

Simu ya Kiogora ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa Kathambi, msichana aliyekuja kumposa, aliyekuwa jikoni na mama yake.

"Waambie ule ukweli uliniambia."

Akamjibu chini ya meza: "Gakoromone nzima itanicheka."

"Mimi nauza viazi huko kila siku. Wacha wacheke. Unanitaka mimi ama unataka jina?"

Kiogora akavua kofia. 

"Mzee, mimi sijawahi kuua mtu."

"Kiogora, nyamaza!" Kiambi alifoka.

"Baba mdogo, niache. Mzee, siku hiyo bunduki ilikwama. Nilitoroka, nikalala kwa mtaro. Wale wezi walisikia lori likipanda kilima, wakadhani ni polisi. Wakaacha ng'ombe wakahepa."

"Na ile damu watu waliona?"

"Ilikuwa ya fahali wa jirani yetu Mbogo. Wezi wenyewe ndio walimpiga risasi."

Kiambi alijikuna kichwa akitazama sakafu. Mzee akageukia mlango wa jikoni.

"Kathambi! Kuja hapa."

Kathambi akaja, mikono imejaa unga.

"Umesikia? Huyu ni muoga. Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na bado unamtaka?"

"Namtaka."

"Muoga atakusaidia nini?"

Kathambi alimpenda Kiogora, na haya yote ya kusema mbele ya wazee ikamwisha.

"Baba, kaka yangu Mwirigi hakuwa muoga. Alifuata ng'ombe walioibwa, tukaletewa yeye kwa blanketi. Huyu alilala kwa mtaro, halafu jioni akarudi nyumbani. Mimi nataka mtu atarudi."

Pale mlangoni Teresia, mama yake, alijifuta macho kwa leso. Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa amelitaja jina la mwanawe katika nyumba hiyo.

Mzee Thuranira akasogeza kiti mezani. Kisha akauvuta ule mzigo, akakata kamba na kufunua jani la mgomba.

"Kijana," alisema akichagua kijiti cha miraa, "siku ingine bunduki ikikwama?"

"Nitatoroka, mzee."

"Vizuri. Kaa chini unywe chai."