Darasa Lililosoma kwa Kuimba

Kila Jumatano, shule ikifungwa, Estelle alipitia kanisani kule Namuwongo, karibu na reli, akakaa benchi la nyuma kumsubiri mama yake. Mama huyo, Nabintu, aliuza sombe, majani ya muhogo, asubuhi, na alasiri alisoma humo kanisani katika darasa la watu wazima. Siku moja alikuwa amemnywesha Gradi, mdogo wake Estelle, dawa ya kupaka, kwa kuwa hakuweza kusoma maandishi ya chupa. Mtoto alitapika siku tatu. Tangu hapo mama alimwapia Mungu kwamba atajua kusoma.

Jumatano hiyo mwalimu Opoka, mwanajeshi mstaafu ambaye wote walimwita Afande, alikuwa amekunja uso. Aliwaambia kwamba mkaguzi angefika wiki inayofuata na kila mmoja angesoma ukurasa mmoja mbele yake. Mihula miwili mfululizo darasa lao lilikuwa la mwisho kati ya madarasa yote. Safari hii wasipofaulu hata nusu, vitabu vingehamishiwa Bwaise pamoja na mwalimu.

"Mmenitia aibu," alisema.

Maimunah, fundi wa kushona, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba aibu ni ya anayefundisha. Wakarushiana maneno mpaka saa ya kutoka.

Estelle alibaki kufagia. Daftari la mahudhurio lilikuwa mezani, na ndani yake mlikuwa na ule ukurasa wa mtihani. Akatazama mlangoni, kisha akaunakili haraka.

Nyumbani alimfundisha mama jinsi wanakwaya wanavyojifunza nyimbo, sentensi baada ya sentensi, kwa sikio. Mama alimtazama sana, lakini hakuuliza ukurasa umetoka wapi. Kesho yake mama aliwafundisha wanafunzi wenzake.

Mkaguzi, Madamu Amito, alifika akiwa na mkoba wa ngozi na uso usio na salamu nyingi. Wanafunzi walisoma bila kukwama hata mahali pamoja. Afande akatoa macho. Ilipofika zamu ya Nabintu, Madamu Amito alimwacha amalize, kisha akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Neno hili ni lipi?"

Nabintu aliinamisha kichwa. Midomo ikaanza kucheza: maji ya kunywa yachemshwe kwanza, osha mikono, chukua... Kidole chake kiligusa neno moja moja kuanzia juu mpaka kikafika.

"Sufuria," akasema.

Maimunah naye alipoulizwa, alianzia juu vilevile. Madamu Amito akafunga kitabu.

"Hawa hawasomi, wanaimba. Opoka, umewapa mtihani. Nitaandika hivyo, na kazi yako imekwisha."

Afande aliapa kwamba hajampa mtu kitu. Mkaguzi hakumwamini. Kina mama waliojua ukurasa ulitoka kwa Nabintu walitazama vidole vyao vya miguu. Estelle alisimama.

"Ni mimi, Madamu. Niliuiba ule ukurasa."

"Nami nilihisi, nikanyamaza," alisema mama yake.

Afande alimwita Estelle mwizi mbele ya wote. Madamu Amito alimwambia anyamaze, akatoa ukurasa mwingine. Kati ya watu kumi na watano walifaulu watatu tu. Aliandika kila neno lililomshinda kila mtu, kisha akauliza masomo huendaje.

"Afande husoma, sisi tunaitikia pamoja," Maimunah alisema kwa uchungu. "Kama kwenye gwaride."

"Nimefundisha hivyo miaka sita," Afande akafoka.

"Ndiyo, miaka sita ya kurudia kosa moja," Madamu Amito alijibu. "Na nyinyi msicheke. Mtihani ulikuwa wa kunionyesha mnapokwama ili nijue cha kurekebisha, nanyi mkaniziba macho. Nawapa miezi mitatu, mwalimu wenu akiwemo. Kila wiki kila mtu asome peke yake, maneno yaliyochanganywa. Yaliyomshinda yaandikwe ukutani, yafundishwe upya."

Hakuna aliyemshukuru. Afande hakusema na Estelle mwezi mzima, ila alimpa kazi ya kukata maboksi kuwa kadi za maneno na kuzichanganya kila Jumatano. Maneno ya ukutani yalipungua polepole, na kila lililofutwa lilikuwa limegombaniwa.

Madamu Amito aliporudi, walifaulu kumi. Nabintu alisoma kwa kusuasua, jasho likimtoka, akapita kwa shida. Darasa likabaki Namuwongo.

Jioni hiyo Gradi alikuwa na upele. Mama alishika chupa ya zahanati, akaisogeza dirishani.

"Ya... ku-pa-ka," alisoma. "U-si-nywe."

Akaiweka chini, akamgeukia Estelle.

"Ule wimbo wako niliuimba vizuri kuliko hivi, mwanangu. Ningeendelea kuuimba, leo ningemnywesha tena. Usimsaidie mtu kuficha asichokijua. Mwache akwame, umwone, ndipo umfundishe."

Kisha akamvua Gradi shati, akaanza kumpaka dawa.