Simama kwa Emmah

Siku ya soko mjini Kisii hakuna anayemsikia mwenzake, lakini Emmah aliisikia sauti ya mwanamume mmoja.

"Mama! Hiyo waya imelala sana! Ipandisheni!"

Emmah alikuwa amesimama kati ya mikungu ya ndizi na mikokoteni, shingo imepinda, akimwelekeza fundi aliyekuwa juu ya ngazi. Kibao cha duka lake ndicho kilikuwa kinawekwa siku hiyo: MAPAZIA YA EMMAH, kilo thelathini za bati na fremu, kikining'inia kwenye chuma cha mita mbili kilichotokeza ukutani. Ncha ya chuma ilishikwa na waya iliyorudi ukutani, juu kidogo tu.

"Mimi si mama yako," akajibu bila kugeuka. "Na hakuna aliyekuuliza."

"Waya ikilala hivyo inavutwa mara nne ya inavyopaswa. Itakatika, kibao kimwangukie huyu mama wa ndizi."

Mama wa ndizi akasogeza ndizi zake. Ndipo Emmah akageuka. Aliona mwanamume mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, suruali nyeusi yenye vumbi la chaki magotini.

"Wewe ni mwalimu?"

"Wa mekanika, hesabu za nguvu, chuo cha ufundi. Jeconia Ombok."

"Haya, mwalimu. Panda wewe."

Alipanda na viatu vyake vya ngozi. Alipoteremka, waya ilikuwa imeinuka vizuri, na Emmah alikuwa ameshamtuma Persis, fundi cherehani wake, akalete chai ya watu wawili.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Sasa zilibaki wiki mbili wajomba wa Jeconia watoke Homa Bay, wapande mpaka Manga kwa kina Emmah kujitambulisha. Mama wa Emmah alikuwa ameshatenga kuku wawili. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa jina moja: Nyanchoka.

Nyanchoka alikuwa mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa mekanika mara mbili. Alipiga simu wakati wa chai, wakati wa ugali, hata Jumapili watu wakitoka kanisani. Emmah aliitazama picha yake kwenye simu ya Jeconia mara moja tu, na mara moja ilitosha: gauni la kijani, kiuno kama cha nyigu, kucha ndefu nyekundu.

"Kucha hizo zinashikaje rula?" alimuuliza Jeconia.

"Jaber, si ni mwanafunzi?" Jaber ni mrembo kwa lugha ya kwao, na alijua kulitumia akibanwa.

"Nimeuliza kuhusu rula."

"Vibaya. Ndiyo maana anaanguka."

Emmah alicheka, lakini cheko liliishia mdomoni. Alianza kuhesabu. Jumatatu jina la Nyanchoka lilitajwa mara tatu. Alhamisi, mara saba.

Jumamosi mvua ya alasiri ilimkuta Jeconia dukani. Emmah alikuwa anakata pazia la mteja wa Itumbe, kitambaa cha rangi ya majani ya chai, simu ilipoita. Jeconia akatoka barazani. Mvua ilipiga mabati, naye akalazimika kupaza sauti, na kila neno likaingia ndani.

"Nyanchoka, sikiliza. Achana na Emmah kwanza! Emmah ana mambo mawili tusiyoyajua. Ukimwingiza mapema atakusumbua mpaka jioni." Akasikiliza, kisha akacheka. "Eeh! Wewe simama tu hapo kwake, yeye atakuwa sifuri. Tukimalizana na mengine ndipo tutamrudia."

Mkasi uliacha mstari na kukipasua kitambaa cha Itumbe. Persis alisimamisha cherehani.

Jeconia aliingia akipangusa simu. "Huyo msichana ataniua..."

"Toka," Emmah alisema.

"Nini?"

"Toka nje, Jeconia. Na wajomba wako wabaki kwao."

"Emmah, nimefanya nini?"

"Muulize unayemalizana naye. Sifuri haina la kukwambia."

"Sifuri gani? Mpenzi, mvua inanyesha."

"Wewe ni mwalimu wa nguvu. Isukume."

Alienda. Emmah alimpigia mama yake akamwambia asichinje kitu. "Kuku hawa wamekula mahindi yangu wiki mbili," mama yake alisema. "Mnachezea kuku?" Akakata simu. Jeconia alipiga mara kumi na nne. Emmah alizihesabu zote na hakupokea hata moja. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Kwa siku tatu kila kucha nyekundu iliyopita barabarani ilimchoma. Alijiuliza mambo hayo mawili yasiyojulikana ni yapi. Umri wake? Mchumba wake wa zamani wa Kenyenya? Jeconia aliyajua yote hayo. Kilichomuuma zaidi ni neno kwanza. Achana naye kwanza. Kana kwamba ni mtu wa kuwekwa kando kama sahani.

Jumatano mlango ukafunguliwa, na kucha nyekundu zikaingia, zikiwa zimeshika futi ya fundi.

"Samahani, dada. Naomba kupima chuma cha kibao chenu. Kesho nina jaribio." Msichana akamtazama vizuri, akaziba mdomo. "Kwani wewe ndiye Emmah wa ukutani?"

"Wa wapi?"

Nyanchoka alifungua daftari kaunta. Emmah alikiona kibao chake kimechorwa kwa penseli, na chuma, na waya, na mishale kila upande. Penye ncha ya chuma palikuwa na G, Gibson. Katikati, penye uzito, palikuwa na O, Ombui. Na pale chuma kinapoingia ukutani, kwa herufi kubwa: E, EMMAH.

"Mwalimu anasema herufi tupu hazikai kichwani, ndiyo anazipa majina," Nyanchoka alieleza. "Kwa Emmah ukuta unashika chuma kwa nguvu mbili, ya kupanda na ya kusukuma. Hatuzijui. Hesabu zinanishinda hapo."

"Mambo mawili," Emmah alisema polepole.

"Eeh! Sasa ona mlango wako. Ukiusukuma kwenye bawaba, utazunguka?"

"Hauzunguki."

"Ndiyo hiyo. Ukisimama kwa Emmah kutafuta kinachozungusha chuma, nguvu zake hazizungushi kitu. Zinakuwa sifuri. Kisichojulikana kinabaki waya peke yake."

Persis alijifanya kutafuta sindano chini, mabega yakimtikisika.

Emmah alivuta kiti. "Kaa. Piga hiyo hesabu mbele yangu."

Nyanchoka akaandika, akitafuna ncha ya penseli. Kilo thelathini kwa mita moja. Waya kwa mita mbili, pembe ya digrii thelathini, kwa hiyo nusu tu ya mvuto wake ndiyo inainua. "Waya inavutwa kilo thelathini! Nimepata, dada!" Akaanza kufunga daftari.

Emmah aliweka kiganja juu yake. "Bado. Nirudie mimi. Nataka kujua nina nini."

Walimrudia. Waya iliinua kumi na tano. Kumi na tano nyingine ziliinuliwa na Emmah. Kisha waya ikawa inakivuta chuma kiingie ukutani kwa kilo ishirini na sita, na aliyekizuia, kwa ishirini na sita kamili, alikuwa Emmah.

"Kumbe wewe ndiye unafanya kazi yote," Nyanchoka alisema.

Emmah alikuwa ameshika simu. Iliita mara moja tu.

"Emmah?" Sauti ya Jeconia ilikuwa kavu. Nyuma yake darasa zima lilinong'ona.

"Mbona hukuniambia nabeba kumi na tano?"

"Nani amekupa hiyo hesabu?"

"Mwanafunzi wako. Yuko hapa, amepata. Lakini jina langu usilitaje tena barazani mvua ikinyesha. Nilidhani unaniacha."

"Ulisikia..." Alianza kucheka, akajizuia. "Jaber, kwenye hesabu nachagua mahali penye mengi nisiyoyajua, ndipo ninaposimama. Ningesimama wapi pengine?"

Mwanafunzi mmoja alidhani ameulizwa yeye, akaitikia, na wote arobaini wakafuata: "Kwa Emmah!"

Emmah aliondoa simu sikioni mpaka wamalize.

"Jumamosi saa nne, Manga," alisema. "Na wajomba wote. Kuku wamenenepa."

Akakata, akampa Nyanchoka futi yake. "Umepita. Sasa nenda kakate hizo kucha."

"Kwa nini, dada?"

"Zinaniudhi."