Kyubu za Wageni

Jana yake jioni zilikuwa kumi na nane. Asubuhi ile, mle tangini mlikuwa na kumi na tisa.

Milimita alizihesabu mara tatu kwa macho, kisha akavua saa, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kuzipapasa moja moja. Kumi na tisa. Kila moja ilikuwa na namba ya rangi nyekundu ubavuni, isipokuwa ile ya mwisho, iliyojibanza kwenye kona. Akaigusa. Maji yalikuwa ya baridi, lakini ile kyubu ilikuwa na joto la shingo ya mtoto mwenye homa.

"Mzee Kishindo, kuna mtu ameleta kyubu baada ya mimi kuondoka?"

Mzee Kishindo, mwendesha mashine ya kuponda, hakuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Nani mwenye akili timamu aibe zege aje alitupe humu? Umekosea hesabu, mwanangu."

"Mimi?"

Mzee akacheka mwenyewe. Haikuwa bure kwamba walimwita Milimita.

Kazi ya maabara ile ilikuwa rahisi kueleza. Jengo likimwagwa zege, kiasi kidogo cha zege hilohilo hujazwa kwenye visanduku vya chuma, likaganda likawa michemraba ambayo mafundi huiita kyubu. Kyubu hulazwa majini siku ishirini na nane, kisha hupondwa. Mashine ndiyo husema kama jengo litawabeba watu au litawafukia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Desturi ilikuwa nyingine. Kyubu za kutoka jengoni zilipofika, Injinia, mkuu wa maabara, alizitupia jicho na kusema, "Hizi zimechoka, wekeni kando." Kisha Milimita alitumwa uani kukoroga zege jipya: saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, maji kwa kipimo. Hizo ziliitwa kyubu za wageni, kwa kuwa mgeni huandaliwa kilicho bora. Ziliandikwa jina la jengo na tarehe iliyorudishwa nyuma, zikapondwa, zikafaulu. Zile zilizochoka zilizuia mlango usijifunge, na Mzee Kishindo alizipanga mbili mbili akazifanya kigoda.

Milimita hakuwahi kuandika namba ya uongo. Hilo alijiambia kila alipoweka sahihi. Namba ilitoka kwenye mashine, mashine ilikuwa sahihi, na kyubu zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote mjini. Bahasha ya mkandarasi aliipokea kwa vidole viwili, akaiita nauli.

Cheti cha mwisho alichosaini kilikuwa cha wodi mpya ya wazazi, ghorofa mbili, na mdogo wake alikuwa na mimba ya miezi tisa.

"Dada, kila kitanda na pazia lake!" mdogo mtu alimwambia kwenye simu. "Nikuwekee nafasi, au wewe utazaa na hiyo mizani yako?"

"Si uende tu wodi ya zamani? Umeizoea."

"Wodi ya zamani tunalala wawili wawili kama samaki kikaangoni. Una nini wewe?"

Milimita alikata simu.

Siku ya pili ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya saruji mbichi, kisha chini yake ikapenya nyingine, tamu inayoelekea kuoza, harufu ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye kanga. Siku ya tatu maji ya tangi yalianza kupanda na kushuka, polepole, bila mtu kuyagusa, kama kifua cha aliyelala. Mzee Kishindo akahamishia chai yake nje.

"Kyubu isiyo na namba ni takataka," Injinia alisema. "Pondeni iishe, mnawatia watu hofu."

Wakaiweka kwenye mashine saa nne asubuhi, jua likimwagika dirishani. Mzee Kishindo akafungua mafuta ya kusukuma mashine, bamba la chuma likashuka, mshale ukaanza kupanda, ukapita ishirini na tano ambayo ndiyo namba ya kufaulu, ukapita hamsini, ukapita themanini, na kyubu haikupasuka wala haikutoa hata chenga, ila ilianza kutokwa na jasho, matone meupe mazito yaliyotiririka hadi sakafuni, na mashine ikaanza kutetemeka, na vyupa kwenye rafu vikagongana, na mshale ukafika mwisho wa namba ukabaki ukigonga kwenye kizuizi chake tik, tik, tik, na ndani ya zege, mahali ambapo hapawezi kupita hata sindano, mtu akajinyoosha, akapiga mwayo, akasema kwa adabu ya mpangaji aliyeamshwa:

"Taratibu, fundi. Nimelala."

Mzee Kishindo alikimbia akaacha kiatu kimoja. Milimita aliirudisha kyubu tangini.

Injinia hakutaka makelele. Wodi ilikuwa imezinduliwa juzi tu, na picha yake akikata utepe ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Jumamosi adhuhuri akaleta mganga, mwanamume mfupi mwenye simu mbili, ambaye kabla hajavua viatu alisema, "Hapa pananuka uzazi. Nani amejifungua?"

"Hakuna," walimjibu.

Milimita ndipo alipotoa simu mfukoni na kuona ujumbe wa mdogo wake: uchungu umeanza, nimepokelewa, ghorofa ya pili, kitanda cha nne.

Mganga aliwaketisha wote kwenye duara, akasoma, akanyunyiza maji. Mara Injinia akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, mabega yalikuwa yake na suti ilikuwa yake, lakini kinywa kilitoa sauti nyembamba yenye furaha.

"Salaam, jamaa."

"Salaam. Wewe ni nani?" mganga aliuliza.

"Mpangaji."

"Umeingiaje humu?"

"Nimekuja kushukuru tu." Kichwa cha Injinia kikamgeukia Milimita, na macho yakatabasamu kabla ya midomo. "Kila mfuko wa saruji uliochepushwa huacha nafasi ukutani. Nafasi hiyo ndiyo chumba changu. Wengine huiba, ndiyo, lakini nani anaitia sahihi ili isizibwe? Huyu binti. Mkono safi, hesabu safi. Nikasema, lazima nimpe mkono."

"Sikuiba kitu," Milimita alinong'ona.

"Nani kasema umeiba? Ungeiba ningekujua tu kama jirani. Wewe ni mwenye nyumba wangu."

"Toka!" mganga alifoka.

"Natoka, sina shida ya makazi. Nina nyumba arobaini na moja." Akazitaja, bila haraka, na Milimita akajikuta anaandika, maana hakujua kusikia orodha bila kuiandika: daraja la bondeni, madarasa sita ya shule ya msingi, paa la soko, tangi la maji la mtaa wa juu. "Na wodi ya wazazi, ghorofa ya pili, chini ya kitanda cha nne. Hapo nimepapenda. Hapo ndipo nitakapokula."

Mganga alikuwa analowa jasho. "Na huko, nani atakutoa?"

Kwa mara ya kwanza sauti ile ikasita. "Atakayeponda zile za kweli. Akasoma namba mbele ya watu." Ikacheka. "Basi nitakaa sana."

Injinia akaanguka tena. Alipofumbua macho alijipangusa mdomo, akawatazama mmoja mmoja.

"Nimesema nini?"

Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake.

"Hujasema kitu, bosi," Mzee Kishindo alisema.

"Hujasema kitu," wengine wakaitika, kama dua.

Milimita alikwenda mlangoni, akaokota kyubu iliyouzuia. Ubavuni, chini ya vumbi, palisomeka: WODI YA WAZAZI. Akaiweka kwenye mashine na kufungua mafuta mwenyewe. Mshale ulipanda kidogo tu, kisha kyubu ikamomonyoka kama biskuti iliyolowa.

"Nane," alisoma kwa sauti. "Ilitakiwa ishirini na tano. Ni nane."

Upepo ukapita kutoka tangini hadi mlangoni, na harufu ikakatika. Mganga akasema, "Hapa ametoka," akapokea bahasha yake.

"Mashine mbovu hiyo," Injinia alisema. "Na wewe kaa nyumbani mpaka nikuite."

Milimita alikimbia hospitali na vumbi la zege ndani ya leso, na karatasi aliyoandika ile nane. Mkunga Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya baragumu, alisoma karatasi, akamimina lile vumbi kiganjani na kulisugua.

"Cheti kilichopo mlangoni kasaini nani?"

"Mimi."

"Mama yangu!" Mkunga alikung'uta kiganja. "Basi shika kitanda upande huo."

Waliwashusha wazazi kumi na mmoja kwenye jua la saa tisa. Mdogo wake alijifungua mtoto wa kike sakafuni, kwenye korido ya wodi ya zamani, watu wakipita na ndoo. Kisha wakangoja.

Jengo halikuanguka. Halikuanguka siku ile, wala wiki ile. Mkunga Mkuu alihamishwa kwa kosa la kuleta taharuki, wazazi wakarudishwa ghorofani, na cheti kikabaki mlangoni ndani ya kioo, na sahihi nzuri ya Milimita.

"Umenizalisha chini kama mbuzi," mdogo wake alimwambia. "Kwa ajili ya jengo ambalo limesimama tuli. Usije kwangu, Dada."

Milimita hakuitwa tena kazini. Kila siku, saa za kuwaona wagonjwa, alipanda hadi ghorofa ya pili, akasimama katikati ya vitanda na kusoma mbele ya watu: "Zege la jengo hili ni nane. Ilitakiwa ishirini na tano. Sahihi ya mlangoni ni yangu, kyubu hazikuwa za hapa." Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili walinzi walimtoa kwa kumshika mikono, siku ya tatu kwa kumvuta nywele. Daktari mmoja alimwandikia dawa ya usingizi.

Siku ya sita, mwanamke wa kitanda cha nne hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamfunga mwanawe kifuani, akachukua kapu lake na kuteremka ngazi bila kuuliza swali.

Milimita alibaki anakitazama kile kitanda. Shuka lilikuwa jeupe, limenyooka. Halafu godoro likaanza kubonyea katikati, polepole, kama linavyobonyea mtu anapojilaza, na mto ukageuka upande wake.

"Nane," akasoma tena, kwa sauti zaidi, walinzi wakiwa tayari wanapanda ngazi.