Mtaa wa Buluu

Lori la kwanza lilipokaribia njia panda ya Mnarani, kinusio kilichoning'inia juu ya nguzo ya taa kilikuwa kimeshaunusa moshi wake tangu mbali. Vinusio vilikuwa vyombo vidogo, ukubwa wa kifuu cha nazi, vilivyotapakaa jiji zima la Mkokoni vikipima masizi na vumbi la matairi. Habari zake zilikwenda kwa Mpangaji, akili ya mashine iliyotawala barabara zote. Hewa ya mtaa ikichafuka, Mpangaji alibadilisha alama za barabarani, na malori ya dizeli kutoka bara, yasiyo na dereva wala ubishi, yakageuka yote kwa pamoja kutafuta njia nyingine. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile. Malori yalikata kona, na wanafunzi wakavuka barabara bila kuziba pua.

Mhandisi Zawena Shemhilu, aliyemuunda Mpangaji, aliyasindikiza kwa macho huku akitabasamu peke yake. Si kila mtu hujaliwa kuona akili yake ikitembea barabarani. Kesho yake jiji lilikuwa linapewa tuzo ya hewa safi, naye alikuwa anatafuta mtaa wa kufanyia sherehe. Katika ramani yake, hewa chafu ilikuwa nyekundu na hewa safi ilikuwa buluu, na mtaa mmoja, Kwa Mgoshi, ulikuwa wa buluu kuliko yote. Kilichobaki ni kumpata mkazi wa kusimama jukwaani aeleze raha ya kupumua.

Aliusikia mtaa kabla ya kuuona. Malori yaliyogeuzwa Mnarani yalikuwa yanapita huko, moja nyuma ya jingine, yakitikisa vioo vya madirisha. Majani ya mipapai yalikuwa meusi. Zawena alisimama, akakohoa, akaanza kukumbuka jambo ambalo angetamani lisiwe kweli.

Mwaka uliopita vinusio vya Kwa Mgoshi vilikuwa havinyamazi. Wanawake wa mtaa ule walikaanga mihogo na samaki kwa mkaa vibarazani, na vinusio, visivyojua kutenganisha moshi wa chakula na moshi wa lori, vililia kutwa. Mpangaji akawa anayanyima malori njia fupi ya bandarini kwa sababu ya mihogo, na wakubwa wakanuna. Zawena akaamuru vinusio vile vizimwe kwa muda, mpaka avifundishe tofauti. Kisha kazi zikamzonga, akasahau. Mpangaji naye, kwa jinsi alivyofunzwa na muundaji wake huyohuyo, aliuhesabu ukimya kuwa usafi. Mitaa mingine ilipolia, malori yalipelekwa palipokuwa kimya.

"Karibu, mwanangu, usisimame juani!"

Aliyemwita alikuwa mama wa makamo, Bi Siwatu, aliyeketi barazani kwake. Alifuta kiti kwa ncha ya kanga, akayatazama masizi yaliyobaki kwenye kanga, akakifuta tena. Kisha akamletea mgeni maji ya kunywa, gilasi imefunikwa kisahani.

"Shikamoo, mama. Natoka Kituo cha Pumzi, tunaopima hewa ya jiji."

"Marahaba. Lo, na umetukuta katika hali hii! Tuwie radhi. Kufagia tunafagia, lakini sijui tuna mkosi gani. Redioni wanasema mtaa wetu unaongoza kwa hewa safi. Basi uchafu huu utakuwa wetu wenyewe."

Zawena alihisi uso unamchoma. "Wenu kivipi, mama?"

Bi Siwatu aliinamisha kichwa. "Wangu mimi, hasa. Nilikuwa nakaanga mihogo hapa. Kibibi, mtoto wa jirani, alipobanwa na kifua, mama yake akaja kuniuliza kama si moshi wangu. Nikamwambia ni malori. Watu wakanicheka, wakasema malori yanapangwa na mashine, na mashine haisemi uongo. Nikaona kweli, nikazima jiko. Lakini mtoto hajapona, na mama yake mpaka leo hanisalimii. Mimi ndiye niliyempokea mwanawe siku anazaliwa. Sasa akiniona anavuka upande wa pili."

Zawena angeweza kushukuru kwa maji, arudi ofisini, na kuviwasha vinusio kimyakimya baada ya sherehe. Malori yangeondoka na hakuna ambaye angejua. Aliliwaza hilo, tena akalipima vizuri, akiwa ameshika gilasi ya mwenye nyumba mkononi, na hilo ndilo lililomwaibisha kuliko yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini maradhi haya yalikuwa ya mtoto wa mwenzake.

Akaisogeza saa yake ya mawasiliano mdomoni. "Kituo, washeni vinusio vya Kwa Mgoshi. Vyote, sasa hivi."

"Mhandisi, tuzo ni kesho!" sauti ikajibu. "Ramani yote itageuka nyekundu."

"Na igeuke. Na mkiviwasha, gawanyeni malori, kila mtaa ubebe fungu lake."

Haukupita muda, mngurumo ukapungua. Bi Siwatu alishika nguzo ya baraza, akachungulia barabara. "Kulikoni? Yamekwenda wapi?"

"Mama, hukumuumiza Kibibi," Zawena alisema. "Malori niliyaleta mimi. Nilizima mashine za mtaa wenu kwa amri yangu, kisha nikawasahau. Mnafagia uchafu wangu. Nisamehe."

Bi Siwatu hakulia wala hakupaza sauti. Alijifunga kanga kiunoni, akashuka barazani.

"Msamaha tutauzungumza baadaye," alisema. "Inuka twende."

Wakavuka barabara hadi mlango uliokuwa ukitazamana nao. Ndani mtoto alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyechoka kukohoa.

"Hodi, Mama Kibibi."

Mlango haukufunguliwa.

"Najua hutaki kusema nami. Nimekuletea mgeni."

Mlango ukafunguka kidogo. Mwanamke mwenye macho ya kukesha alisimama kizingitini, akamtazama Zawena, akaepuka kumtazama jirani yake. Bi Siwatu akasogea pembeni kumpisha mhandisi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Anza na jina lako, na kazi yako."