Mfupa Uliounga Mashineni

Mfupa wa maiti hauungi. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua, na Gesine hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mhandisi aliyezeekea katika maabara moja ya chuo, katika mji wa Kiel, akivunja mapaja ya wafu na kuyapigilia misumari ya chuma. Ndiyo maana asubuhi ile, alipofunua kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, alibaki mdomo wazi. Pale alipokuwa ameupasua mfupa kwa msumeno, mfupa mpya ulikuwa umeota, wa rangi ya waridi. Aliugusa. Ulikuwa na joto.

Ulikuwa mfupa wa mzee mmoja aliyeutoa mwili wake kwa chuo, na sehemu zake nyingine zilikwisha kuzikwa, kwa maua na mchungaji. Paja hili Gesine alilificha nyuma ya friji kwa sababu lilikuwa imara, na alipenda vitu imara. Mashine ya majaribio ililikandamiza na kuliachia kama mguu unaotembea, hatua baada ya hatua, mchana kutwa, ili ijulikane msumari utakatika lini.

"Tembea, babu," alizoea kulitania. "Kulala utalala nikikuchoka."

Nyumbani, mumewe Detlef, mpeleka barua wa posta, naye alikuwa na msumari kama ule pajani, tangu baiskeli ilipomtupa kwenye barafu. Msumari hubeba uzito wa mtu mpaka mfupa uunge. Mfupa ukichelewa, chuma huchoka na kukatika. Ni mbio, na Detlef alikuwa anashindwa. Kila picha ya eksirei ilionyesha ufa uleule. Usaha ulikuwa umeshaingia mara moja, na daktari hakumficha: msumari huu ukikatika, hataweka mwingine, atakata mguu.

"Mfupa wako mvivu kama mwenyewe," Gesine alimwambia alasiri hiyo, akimpakia siagi kwenye mkate.

Detlef hakucheka. "Gesine, njoo. Sikiliza hapa."

Alifunua blanketi, na Gesine akainamisha sikio, na kutoka ndani ya paja la mumewe akasikia tu, tu, tu, mwendo uleule wa mashine yake, na puani ikamjia harufu ya mfupa uliopita kwenye msumeno, harufu ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiivua pamoja na koti lake la kazi na kuiacha mlangoni.

"Kuna mzee humu, anaongea," Detlef alinong'ona. "Ananiambia nijilalie tu, kutembea atatembea yeye."

Kesho yake maabarani Gesine aliizima mashine na kuweka msumeno kwenye ule mfupa mpya ulioota. Meno yalipogusa tu, simu ikalia.

"Acha!" Detlef alikuwa akipiga kelele. "Chochote unachofanya, acha, unanikata!"

Basi Gesine akautia mfupa kwenye kikapu, akaenda kumleta nyumbani Bi Jessen, ajuza wa vijijini anayenuizia magonjwa ya ngozi kama mkanda wa jeshi na chunjua, ambaye hata madaktari humpigia simu kimyakimya.

"Hela sitaki," Bi Jessen alisema akiketi kando ya kitanda. "Na msinishukuru. Neno hilo likitamkwa humu ndani, kazi yote inarudi nyuma, na mara ya pili siwezi."

"Hata kahawa hunywi?" Gesine aliuliza.

"Kahawa nakunywa, mwanangu. Asante ndiyo sitaki."

Aliweka kiganja pajani, akapuliza, akanong'ona kwa lugha ya bibi zake, na ile tu, tu, tu ikapungua, ikazidi kupungua, mpaka wakaisikia mvua dirishani, na kikapuni ule mfupa mpya ukageuka kijivu na kudondoka vipande kama ganda la mkate mkavu, na Detlef, ambaye kwa miezi hakuweza, akainua mguu wake mwenyewe, akalia machozi.

Watu wa kule hushukuru hata mlango ukijifungua wenyewe. Gesine alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Detlef aliuma blanketi. Walimtazama ajuza akivaa koti, wakamtazama akifunga vifungo, na furaha ilikuwa inawapasua kifua.

Bi Jessen aliposhika kitasa, sauti ikatoka chini ya blanketi, ya mzee, ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri hukohuko na anayezijua mila zote za huko.

"Asante sana, Bi Jessen."

Ajuza hakugeuka. Ndani ya paja kitu kililia mara moja, kikavu, na Gesine, ambaye maabarani alikuwa akiisubiri sauti hiyo kwa hamu na kuipigia makofi, hakuhitaji kuuliza ni nini kimekatika.