Litaota Jingine

Mimi sipambi maneno. Nasema alivyoniambia rafiki yangu Canul, mwongoza wageni wa pango la kijiji chetu, huku Yucatán. Kama wageni wangevunja jiwe jingine la humo, pango lingefungwa naye angekosa kula. Siku moja, akiwa na wageni ndani, akakuta ncha ya jiwe linaloning'inia darini, lile linalokua kwa matone, imevunjwa.

“Nazima taa kama kawaida yetu. Aliyechukua arudishe, simwulizi,” akawaambia.

“Acha makuu, babu! Litaota jingine,” akacheka Ledezma, mgeni kutoka mji wa Mérida.

Gizani yalisikika matone tu, kisha kacha! na yowe.

Taa ilipowaka, jiwe lilikuwa zima tena. Ledezma alikuwa amekumbatia mkono uliopungukiwa kidole.

“Usilie, bwana. Kitaota kingine,” Canul akamjibu.

Kisha akainua taa. Kando ya jiwe kilining'inia kidole chenye pete, kikidondosha maji.